Majina katika Marejeo: Namna ya Kutaja Vyanzo vya Kongo katika Makala ya Kitaalamu

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza namna ya kutaja vyanzo na kupanga marejeo katika mswada unaopelekwa kwenye jarida la kitaalamu. Mkazo umewekwa juu ya jambo moja linalowasumbua hasa watafiti wa Kiswahili cha Kongo, yaani majina: jina la mwandishi, jina la mji, jina la chuo na hata jina la nchi. Yote hayo yamepata kubadilika katika muda wa maisha ya mtu mmoja. Mtafiti asiyejihadhari huweza kumgawa mwandishi mmoja kuwa wawili, au kukiweka kitabu mahali ambapo msomaji hatakitafuta.

2.0 Kazi ya Marejeo na Utaratibu Wake

Marejeo ni njia ya kumrudisha msomaji kwenye chanzo ili ahakikishe mwenyewe yaliyosemwa. Rejeo lisilomfikisha huko halina faida, hata likiwa limepangwa vizuri namna gani.

Utaratibu unaotumiwa sana katika taaluma za lugha ni ule wa jina na mwaka. Asili yake hunasibishwa na Edward Laurens Mark, mtaalamu wa zuolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyeutumia katika makala yake ya mwaka 1881. Ndani ya matini huandikwa katika mabano jina la mwandishi, mwaka wa kuchapishwa na nambari ya ukurasa. Mwishoni mwa makala huwekwa orodha kamili kwa mpangilio wa alfabeti. Mwandishi akiwa na kazi mbili za mwaka mmoja, mwaka huongezewa herufi a na b. Waandishi wakiwa wengi, hutajwa wa kwanza na kufuatiwa na maneno "na wenzake".

Kitabu huandikwa hivi:

Fabian, Johannes. 1986. Language and Colonial Power. Cambridge: Cambridge University Press.

Makala ya jarida huhitaji pia juzuu na kurasa:

Polomé, Edgar C. 1968. "Lubumbashi Swahili". Journal of African Languages 7: 14-25.

Majarida hutofautiana katika vituo, mabano na herufi za mlazo. Hivyo mwandishi hana budi kusoma maelekezo ya jarida husika kabla ya kupiga chapa nakala ya mwisho. Kisha alinganishe: kila chanzo kilichotajwa ndani kionekane katika orodha, na kila kilichomo katika orodha kiwe kimetajwa ndani.

3.0 Jina la Mwandishi

Maelekezo mengi ya majarida yanasema kwamba jina la mwisho litangulizwe. Kanuni hiyo inatokana na desturi ya Ulaya, ambako jina la ukoo huja mwishoni. Nchini Kongo mpangilio rasmi huanza na jina lenyewe, hufuata jina la nyongeza ambalo nyaraka za Kifaransa huliita post-nom, na jina la ubatizo huja mwisho. Mhariri wa ng'ambo asiyejua jambo hili huweza kumpanga mwanahistoria Isidore Ndaywel è Nziem chini ya herufi ya "Nziem", ilhali mahali pake ni hapa:

Ndaywel è Nziem, Isidore.

Shida ya pili ilitokana na siasa ya uhalisi. Mwaka 1972 raia wa Zaire walitakiwa kuacha majina ya ubatizo na kuchukua ya Kiafrika. Baada ya 1990 wengi waliyarudia yale ya kwanza. Kwa hiyo mtu mmoja huweza kuwa na kazi chini ya majina mawili. Valentin Yves Mudimbe alikuwa Vumbi Yoka Mudimbe, lakini kwa kuwa herufi za mwanzo ni zile zile, sahihi yake ya "V. Y. Mudimbe" ilibaki bila kuvunjika. Wengi hawakuwa na bahati hiyo.

Kanuni inayofaa ni hii: jina liandikwe kama lilivyo kwenye ukurasa wa anwani wa kitabu chenyewe. Iwapo mwandishi anajulikana kwa jina jingine, liongezwe katika mabano ya mraba, na kazi zake zote zipangwe chini ya jina moja. Asiyefanya hivyo humpunguzia mwenzake nusu ya kazi aliyoifanya.

4.0 Jina la Mji, la Chuo na la Nchi

Mji wa Elisabethville uliitwa Lubumbashi kuanzia mwaka 1966. Chuo kikuu kilichofunguliwa hapo mwaka 1956 kiliingizwa katika Université Nationale du Zaïre mwaka 1971, kisha kikawa Université de Lubumbashi mwaka 1981. Tasnifu iliyotetewa mwaka 1976 itajwe chini ya Université Nationale du Zaïre, kwani ndivyo jalada lake linavyosema na ndivyo ilivyoandikishwa. Hali ni hiyo hiyo kwa taasisi zinazotajwa kama mwandishi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 hubaki chini ya TUKI, ingawa taasisi hiyo ya Dar es Salaam iliitwa TATAKI kuanzia mwaka 2009.

Hata anwani ya kitabu huguswa. Histoire du Zaïre ya Ndaywel è Nziem ilitoka mwaka 1997, mwaka ule ule nchi ilipobadili jina. Toleo lililofuata mwaka 1998 likaitwa Histoire générale du Congo. Mtafiti ataje lile alilolishika mkononi, kwa maana kurasa za toleo moja si za jingine.

5.0 Kunukuu Maneno Yenyewe

Mfano unaokusanya matatizo haya yote ni maandishi ya André Yav ya mwaka 1965, Vocabulaire de ville de Elisabethville, yanayosimulia historia ya mji kwa Kiswahili cha wafanyakazi wa nyumbani. Mwenye kujua Kifaransa atashawishika kuandika "d'Elisabethville". Asifanye hivyo: anwani ni sehemu ya chanzo. Vilevile yapo matoleo zaidi ya moja. Johannes Fabian aliyachapisha Amsterdam mwaka 1990 katika History from Below, kwa msaada wa Kalundi Mango, na mwaka 2001 yakawekwa kwenye intaneti katika Archives of Popular Swahili. Anayenukuu aeleze ametumia lipi. Na kwa lile la intaneti, aongeze anuani na tarehe aliyolisoma.

Matini yenyewe nayo isirekebishwe. Msemaji aliyesema "batoto" asiandikiwe "watoto" ili kumpendeza mhariri, kwani umbo hilo ndilo ushahidi unaochunguzwa. Tafsiri au umbo sanifu, likihitajika, lifuate baada ya nukuu, na itajwe kuwa ni la mtafiti.

6.0 Hitimisho

Imeelezwa kwamba majina yaandikwe kama yalivyo katika chanzo, na kwamba maelezo ya ziada yawekwe wazi katika mabano ya mraba. Sehemu kubwa ya maandishi juu ya Kiswahili cha Kongo imo katika tasnifu na nakala chache zilizopigwa chapa kwa mashine. Kazi za namna hiyo hazina tangazo lingine ila rejeo linaloandikwa na anayezisoma. Likikosewa mara moja, atakayefuata hulinakili kosa hilo, na chanzo hupotea kikiwa bado kimo rafuni.