Mgono na Hema la Mbu: Zana za Kufundishia Usanifu katika Bonde la Kilombero

Wavuvi wa bonde la Kilombero wana chombo kiitwacho mgono. Ni mtego wa samaki uliotengenezwa kwa fito nyembamba zilizofungwa pamoja, wenye umbo la kapu refu. Mdomo wake umegeuzwa kuingia ndani kama faneli: upande wa nje ni mpana, upande wa ndani ni mwembamba. Kambale au perege anayeingia huongozwa na kuta za faneli hadi kwenye tundu dogo. Akiisha kuingia, huogelea akizungukazunguka kandokando ya kapu, na ni nadra kulipata tena tundu lile lililo katikati. Mgono hauna mlango unaofungwa, wala kamba ya kuvutwa, wala mtu wa kuulinda. Umbo lake peke yake ndilo lifanyalo kazi.

Chombo hiki hakimo katika orodha ya vifaa vya somo la ufundi. Orodha hizo huanza na jiriwa, keekee, randa, patasi, misumeno na tupa, na shule isiyokuwa navyo huambiwa kwamba haiwezi kufundisha. Hata hivyo, mwalimu aliye katika kata ya Viwanja Sitini mjini Ifakara, au katika mji wowote unaofanana na huo, amezungukwa na zana ambazo orodha hizo hazizitaji. Inafaa zichunguzwe, kwani wakati wake umefika.

Kwa nini jambo hili lina uzito sasa

Mwaka 1967, Azimio la Elimu ya Kujitegemea lilitaka shule ziunganishe fikra na kazi ya mikono. Katika miaka ya 1970 shule za sekondari ziligawanywa kwa michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansikimu. Lakini mara nyingi kujitegemea kulieleweka kuwa ni kulima shamba la shule, na ufundi ukabaki kuwa mali ya shule chache zilizokuwa na karakana.

Mwaka 2023 lilitolewa toleo jipya la Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, na mwaka 2024 baadhi ya shule zilianza kufundisha kidato cha kwanza katika mkondo wa amali. Hivyo swali la zamani limerudi: mwanafunzi atajifunzaje kubuni kitu, mahali ambapo karakana haijajengwa au haijakamilika?

Nchi nyingine nazo zimekabiliana na swali hilo. Uingereza iliingiza somo la Usanifu na Teknolojia katika mtaala wake wa taifa mwaka 1990, na Botswana hufundisha somo la jina hilo katika sekondari zake. Popote linapofundishwa, somo hili lina sehemu mbili. Ya kwanza ni ustadi wa mkono: kukata, kuunga, kupiga randa, kushona. Ya pili ni ustadi wa kuamua: kutambua haja, kuweka vigezo, kuchora, kupima, kujaribu, kuona kasoro na kurekebisha.

Sehemu ya pili ndiyo iliyo katika hatari zaidi. Penye karakana nzuri, wanafunzi arobaini huweza kutengeneza vigoda arobaini vinavyolingana, kwa vipimo vilivyoandikwa ubaoni. Mikono yao imefunzwa, na hilo ni jema, lakini maamuzi yote yamefanywa na mwalimu. Pasipokuwa na karakana, wanafunzi hukariri hatua za usanifu kama wanavyokariri majina ya milima. Katika hali zote mbili, hakuna aliyekutana na tatizo la kweli.

Mfano uliozaliwa Ifakara

Mfano wa usanifu halisi haupo mbali. Mwaka 1957 Profesa Rudolf Geigy kutoka Uswisi alianzisha maabara ndogo ya utafiti mjini Ifakara. Maabara hiyo ilikua kwa miaka mingi hadi kuwa taasisi ya Kitanzania, ambayo leo huitwa Taasisi ya Afya Ifakara. Mojawapo ya kazi zake kuu ni uchunguzi wa mbu waenezao malaria.

Ili kuwachunguza mbu, hapana budi kuwakamata. Kwa muda mrefu njia iliyoaminika zaidi ilikuwa mtu kukaa usiku akiwa amefunua miguu, akiwanasa mbu kwa kuwafyonza kwa mrija mara tu wanapotua. Njia hiyo hutoa hesabu nzuri, lakini inachosha, na inamweka mtu mahali ambapo aweza kuumwa na mbu mwenye vimelea. Mitego ya taa nayo huhitaji betri, ambazo hazina budi kuchajiwa.

Hapo ndipo vigezo vya usanifu vilipopatikana. Ulihitajika mtego umvutao mbu kwa harufu ya mwili wa mtu na hewa anayoitoa, lakini usimwache mtu huyo aumwe. Ulipaswa kufanya kazi bila umeme, uweze kubebwa, na uweze kutumiwa na mwanakijiji asiye mtaalamu.

Jibu lilikuwa hema la turubai. Mtu hulala ndani yake, na mbu wanaovutwa naye huingia kwa kupitia matundu yenye umbo la faneli, yaliyo mapana kwa nje na membamba kwa ndani. Wakiisha kuingia, wengi hawajui pa kutokea. Msomaji ataona mara moja kwamba hii ni kanuni ile ile ya mgono, ingawa mmoja hukaa majini na mwingine nchi kavu.

Muundo ulioitwa B ulielezwa na Nicodem Govella na wenzake mwaka 2009. Ulinasa mbu, lakini ulikuwa na upungufu: aliyelala ndani hakutenganishwa kabisa na mbu walionaswa, na hivyo aliweza kuumwa. Watafiti hawakuuficha upungufu huo. Walirudi kwenye mchoro, wakaongeza ukuta wa chandarua kati ya mtu na mbu, na mwaka 2010 wakatangaza muundo C, uliokusudiwa kumkinga kikamilifu mtumiaji wake.

Somo lililomo hapa ni kubwa kuliko hema lenyewe. Herufi B na C zinamfundisha mwanafunzi kwamba kasoro iliyopimwa na kuandikwa ni hatua ya kazi, wala si aibu. Vivyo hivyo, vibanda vya majaribio vya Ifakara, vilivyoelezwa na Fredros Okumu na wenzake mwaka 2012, vilifanywa vifanane na nyumba za wenyeji kwa ukubwa na kwa kuta za ndani, na vikaundwa kwa vipande viwezavyo kufunguliwa na kuhamishwa. Msanifu alianza kwa kuitazama nyumba ya mwanakijiji.

Zoezi la kwanza: faneli ya karatasi ya manila

Mwalimu aweza kuanza kwa kuuleta mgono darasani na kuuliza swali moja tu: kila sehemu ina kazi gani? Kisha wanafunzi watengeneze faneli yao wenyewe. Vifaa vinavyohitajika ni karatasi ya manila, rula, mkasi, gundi, na uzi uliofungwa penseli badala ya bikari.

Tuchukue faneli yenye kipenyo cha sm 20 mdomoni na sm 5 kwenye tundu, na urefu wa ubavu sm 15. Itakatwaje kutoka katika karatasi bapa? Kipenyo hupungua kutoka sm 20 hadi sm 5, yaani hupungua kwa sm 15, katika ubavu wa sm 15. Hivyo kila sentimita moja ya ubavu hupunguza sentimita moja ya kipenyo. Kama ubavu ungeendelezwa hadi faneli iwe pia kamili yenye ncha, zingehitajika sm 5 zaidi. Ubavu wa pia hiyo ungekuwa sm 20.

Basi karatasi itachorwa tao la nusu kipenyo cha sm 20. Duara kamili la nusu kipenyo hicho lina mzingo wa takriban sm 126, lakini mdomo wa faneli unahitaji takriban sm 63 tu. Hiyo ni nusu. Kwa hiyo ichorwe nusu duara ya sm 20, na ndani yake, kwa kitovu kile kile, nusu duara ya sm 5 ambayo itakatwa na kutupwa. Kwenye ukingo mmoja ulionyooka iachwe sm 1.5 ya kuungia. Ikikunjwa, faneli itatokea kwa vipimo vilivyokusudiwa.

Mwanafunzi anayefaulu zoezi hili ameziona hesabu za duara zikigeuka kitu cha kushikwa mkononi. Aidha, ameelewa kazi ya fundi cherehani na ya fundi wa mabati, ambao hukata bapa ili wapate mviringo.

Zoezi la pili: mtego unaopimwa

Sharti la pili la usanifu ni kujaribu kwa haki. Wanafunzi watengeneze mitego mitatu ya nzi kwa chupa za plastiki zilizokatwa juu. Kila chupa iwekewe faneli ya manila iliyogeuzwa ndani. Tofauti iwe moja tu, yaani kipenyo cha tundu: mtego A sm 1, mtego B sm 2, mtego C sm 4. Chambo kiwe vipande vya papai lililoiva sana, vyenye uzito sawa.

Wengi wataiweka mitego mahali patatu tofauti, wahesabu nzi, kisha watangaze mshindi. Hilo ni kosa, kwa sababu mtego uliokaa karibu na jalala utapata nzi wengi hata ukiwa mbovu. Dawa yake ni kubadilishana mahali. Siku ya 1, A ukae karibu na jiko, B chini ya mti, C karibu na jalala. Siku ya 2, B ukae jikoni, C chini ya mti, A jalalani. Siku ya 3, C ukae jikoni, A chini ya mti, B jalalani. Kila mtego utakuwa umekaa kila mahali mara moja, na jumla za siku 3 zitaweza kulinganishwa. Watafiti wa mbu hutumia utaratibu wa namna hii hii wanapolinganisha mitego.

Kipimo kimoja hakitoshi. Mtego mzuri ni ule unaoingiza wengi na kutoa wachache. Kwa hiyo, katika jaribio la pembeni, nzi 10 watiwe ndani ya kila mtego na wahesabiwe waliobaki baada ya saa 1. Hapo mwanafunzi atakutana na jambo ambalo kila msanifu hukutana nalo: tundu lirahisishalo kuingia hurahisisha pia kutoka, na ni lazima achague mahali pa kusimama kati ya haja mbili zinazoshindana. Achague kwa tarakimu, na aandike sababu.

Tahadhari zizingatiwe. Chupa zikatwe chini ya uangalizi wa mwalimu. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kushika mitego. Dawa za kuua wadudu zisitumiwe, wala mwanafunzi yeyote asitumiwe kuwa chambo cha mbu.

Mafundi wa jirani

Zana nyingine ni watu. Seremala, mshonaji, fundi wa baiskeli na mfuma mgono wana maarifa ambayo hayamo vitabuni. Ziara ya darasa iwe na maswali yaliyoandaliwa: Kwa nini ulichagua mti huu na si ule? Wapi kitu hiki huvunjika kwanza? Wateja walilalamikia nini, nawe ukabadili nini? Swali la mwisho ndilo bora kuliko yote, kwa kuwa humfunua fundi kuwa msanifu. Kila mwanafunzi arudi na mchoro wenye vipimo, si maelezo ya maneno matupu.

Hata hivyo, haya yote yasifanywe udhuru wa kutojenga karakana. Kiungo cha mbao hakifundishiki kwa manila, wala uchomeleaji haujifunzwi kwa kutazama. Shule inayoitwa ya amali inastahili jiriwa zake, keekee zake na fundi mwalimu aliyefunzwa. Linalosisitizwa ni kwamba vifaa hivyo vikifika, viwakute wanafunzi waliokwisha zoea kuuliza na kupima. Vinginevyo vitazalisha vigoda arobaini vinavyolingana.

Maswali ya kujadiliwa darasani

1. Orodhesha vigezo vitano vya mtego wa mbu utakaotumiwa kijijini. Ni vipi viwili vinavyopingana?

2. Faneli ina kipenyo cha sm 20 mdomoni, sm 10 kwenye tundu, na ubavu wa sm 15. Pembe ya karatasi itakayokatwa ni digrii ngapi? (Jibu: 120.)

3. Chagua chombo kimoja kinachotumika nyumbani kwenu. Eleza kasoro yake moja, jinsi utakavyoipima, na badiliko utakalolijaribu.