Sauti ya Saksofoni

Katika vijiji vya Ulemo, nchi ya Iramba, mtoto akiitwa usiku kutoka ng'ambo ya shamba la mtama, hana haja ya kuuliza ni nani amwitaye. Uso hauoni, na pengine maneno hayashiki yote, lakini amekwisha kujua kama ni mama yake au ni shangazi. Jina wanalomwita ni lile lile. Sauti ndizo mbalimbali.

Mambo hayo yamo katika vyombo vya muziki pia, hasa chombo kiitwacho saksofoni. Kilibuniwa na fundi wa Ubelgiji, Adolphe Sax, ambaye mwaka 1846 alipewa katika Ufaransa haki ya kukitengeneza. Ni bomba la shaba, jembamba juu na pana chini, lenye matundu na vifuniko vya kuyaziba. Kinywani mwake hufungwa kipande chembamba cha tete. Mtu akipuliza, kile kipande hutetemeka na kuitetemesha hewa iliyomo bombani. Nazo saksofoni zina ukubwa mbalimbali, zikagawanyika kama waimbaji wa kwaya: soprano, alto, tenori, na baritoni yenye sauti nzito. Watu wa Tanzania waliizoea katika muziki wa dansi, kama ule wa Morogoro Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka 1944. Lakini jina la jazz lilitoka Marekani, na huko ndiko watu weusi walikoipa saksofoni sauti zake mashuhuri.

Wape wapigaji wawili saksofoni moja, wapulize noti moja, wala hutasikia sauti moja. Huyu huukaza mdomo, yule huulegeza. Huyu hupenda tete gumu, yule laini. Huyu huitikisa sauti, na yule huiacha inyooke kama uzi. Hata umbo la kinywa na koo humo katika hesabu.

Coleman Hawkins alizaliwa Missouri mwaka 1904. Siku zile wengi waliifanya saksofoni kuwa kitu cha kuchekesha, cha kuigiza milio ya wanyama. Hawkins akaipiga tenori kwa heshima. Sauti yake ilikuwa nene, pana, yenye mtikisiko, ikajaza chumba chote. Kwa miaka kama kumi alipiga katika bendi ya Fletcher Henderson mjini New York, hata watu wakadhani kwamba tenori haina sauti nyingine ila ya Hawkins.

Mwaka 1934 Hawkins akasafiri kwenda Ulaya, na mahali pake akaitwa kijana wa Mississippi, Lester Young, aliyezaliwa mwaka 1909. Huyu alikulia katika bendi ya baba yake. Kwanza alipiga ngoma, kisha akaziacha, maana, kama alivyosimulia mwenyewe, alipomaliza kuzifungasha baada ya dansi aliwakuta wasichana wamekwisha kwenda zao. Aliposhika saksofoni alimpenda sana mpigaji aliyeitwa Frankie Trumbauer, ambaye chombo chake kilikuwa kati ya alto na tenori, akajitahidi kuitoa sauti ile nyepesi katika tenori yake.

Basi wapigaji wa Henderson walipoisikia wakanung'unika. Hawakumtaka Young, walimtaka Hawkins wa pili. Young alikuwa akikaa nyumbani kwa Henderson, na mke wa mwenye nyumba, Leora, akawa akimwamsha asubuhi na kumpigia sahani za santuri za Hawkins, apate kujifunza. Yule mama hakuwa na nia mbaya. Young akasikiliza kwa adabu, asimvunje moyo. Lakini sauti aliyoitaka alikuwa nayo moyoni, wala hakuibadili. Miaka ile kazi ilikuwa adimu katika Marekani, na kazi ile ilitamaniwa na wengi. Baada ya miezi michache akaiacha. Akaomba jambo moja tu: Henderson amwandikie barua ya kushuhudia kwamba hakufukuzwa.

Mwaka 1936 alikuwa katika bendi ya Count Basie, akaanza kurekodi sahani. Sauti iliyokataliwa New York ikasikiwa kila mahali, na vijana wengi wakaanza kuiiga, kama wengine walivyomwiga Hawkins. Hawkins naye alirudi kutoka Ulaya mwaka 1939, na sauti yake nene hakuiacha.

Desemba 1957 wazee hao wawili walikutanishwa New York katika kipindi cha televisheni, kumsindikiza mwimbaji Billie Holiday. Young alikuwa mgonjwa. Muda mwingi alikaa kitini. Zamu yake ilipofika akasimama, akapuliza noti chache, polepole, nyepesi kama pumzi. Katika wimbo ule ule Hawkins naye akapuliza kwa nguvu zake zote za zamani. Mtu aliyefumba macho angaliweza kusema, huyu ndiye Young, na huyu ndiye Hawkins. Young akafariki Machi 1959.