Uvimbe wa taya ufukweni Tanganyika: jeni zinavyoutaja kwa jina

RUMONGE — Boti zinapotia nanga alfajiri, kila mnunuzi wa ndagala ana hesabu moja kichwani: samaki asiyeanikwa siku hiyo hiyo ni hasara. Kipande cha nyama kinachokatwa kwenye uvimbe wa mgonjwa nacho kina hesabu hiyo. Kikichelewa, hata mashine ya kisasa ya kupima saratani haitakuwa na la kusema.

Kwa mwambao huu saratani ya kuangaliwa ni ile ya Burkitt, ambayo huwashika zaidi watoto wa miaka 5 hadi 9, mara nyingi tayani. Mzazi hudhani ni jino. Kumbe uvimbe huo unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Daktari Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa Mulago, Kampala. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walizunguka kwa gari hospitali za mashariki na kusini mwa Afrika, wakaona ugonjwa unafuata nyanda za joto, mvua na malaria na kutoweka milimani. Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya bahari, na malaria ya uwanda wa Imbo haihitaji kusimuliwa kwa mtu wa Rumonge.

Tatizo ni kwamba chini ya hadubini Burkitt hufanana na saratani nyingine za tezi. Mwaka 2006 watafiti walichapisha matokeo ya sampuli 303. Badala ya kutazama umbo la seli peke yake, walipima jeni zipi zinafanya kazi kwa nguvu na zipi zimelala. Baadhi ya sampuli zilizokuwa zimepewa jina jingine zikabainika ni Burkitt. Wagonjwa wa Burkitt waliopewa dawa za kiwango cha kawaida waliishi muda mfupi kuliko waliopewa dozi kali.

Kipimo hicho ni ghali, na si haki kumngojesha mtoto kwa ajili yake. Mulago ilitibu Burkitt kwa dawa tangu miaka ya 1960. Lakini nyama iliyotunzwa vizuri huacha mlango wazi. Itiwe mara moja kwenye fomalini, dawa ikiwa angalau mara kumi ya ukubwa wa kipande. Baadaye hugandishwa ndani ya nta, ikasafiri bila barafu na kudumu miaka. Ikikaa mkavu kwenye chupa juani, ujumbe wa jeni huvunjika ndani ya saa chache.

Kituo cha umahiri wa saratani cha Afrika Mashariki kiko Mulago. Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024, na njia ya kuzunguka ni Kobero, kisha Tanzania hadi Mutukula. Wachuuzi wanaijua: mipaka miwili, na mtoto mgonjwa garini.