Geuza Bampa Kwanza

Magari mengi yanayofika kwenye banda langu hapa Bagamoyo hayajagongana na kitu. Kondakta ameegemea kona ya bampa akihesabu chenji, kona ikabaki mkononi. Dereva amefungua boneti asubuhi, na kile kipande cheusi chini ya kioo cha mbele, zinapokaa waipa, kimepasuka katikati. "Fundi, nani kanifanyia hivi?" Jua, namwambia, na hilo halina bima.

Kazi yangu ni plastiki za nje: bampa, grili, madigadi, vipande virefu vya ubavuni, vifuniko vya vioo vya pembeni. Wateja wangu wakubwa ni wenye Hiace za muundo wa zamani, ule ulioanza kutengenezwa mwaka 1989, zile ambazo Dar es Salaam walizipa jina la vipanya. Zilizeeka kwanza Japani, zikaja kuzeeka mara ya pili kwenye barabara ya Makumbusho hadi Bagamoyo. Injini yake utaipata leo hii ukitaka. Plastiki mpya ya ubavuni ndiyo itakayokuchosha miguu.

Bagamoyo iko nyuzi 6 na nusu hivi kusini mwa ikweta. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena wiki ya pili ya Oktoba, jua la mchana husimama utosini. Plastiki ni minyororo mirefu sana ya kaboni, na miale ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa macho, huikata, kisha oksijeni ya hewani huendeleza uharibifu. Minyororo ikishakuwa mifupi, kipande hakipindi tena, kinavunjika. Kwanza hupauka. Halafu huacha unga mweupe kidoleni ukikigusa. Mwisho hutoka nyufa ndogondogo kama tope la bwawa lililokauka. Kiwandani huchanganya dawa ya kukinga jua, lakini dawa hiyo huisha miaka inavyokwenda. Kinga inayodumu zaidi ni masizi meusi, ndiyo maana matangi mengi ya maji juu ya nyumba zetu ni meusi.

Chumvi tunaisingizia. Watu wa pwani tumezoea kuilaumu kwa kila kitu, ila plastiki yenyewe haiiogopi. Chumvi hula skrubu. Skrubu ikishika kutu huvimba, na kutu hiyo hupasua sikio la plastiki kutokea ndani. Ndiyo sababu nyufa nyingi ninazozikuta huanzia kwenye tundu la skrubu. Skrubu zisizoshika kutu ni ghali kidogo, lakini kwa gari la hapa mjini sikufungii nyingine.

Sasa gundi. Mteja hufika akiwa tayari amemimina supaglu, kisha Araldite juu yake, kisha waya wa kufungia mabati. "Fundi, ongeza gundi tu tuwahi zamu." Bosi wangu, bampa nyingi zimetengenezwa kwa polipropilini, na gundi za kawaida hazishiki humo. Zinakauka vizuri, zinaonekana imara, halafu zinabanduka zikiwa nzima. Nami natumia nusu ya asubuhi kukwangua uchafu huo kabla sijaanza kazi yenyewe.

Kwa hiyo geuza bampa kwanza. Upande wa ndani, mara nyingi karibu na ukingo, kuna herufi ndogo zilizopigwa chapa: PP ni polipropilini, ABS ni aina nyingine kabisa, ngumu zaidi, inayopendwa kwenye grili na vifuniko vya vioo. Herufi zikiwa zimefutika, chonga unyuzi mdogo kutoka nyuma uuwashe, nje penye upepo. PP huwaka ikidondosha matone, na ukiizima inanuka mshumaa. ABS hutoa moshi mweusi wenye masizi yanayoelea. Ukishuku ni PVC, pasha waya wa shaba mpaka uwe mwekundu, uguse nao plastiki, uurudishe motoni: moto ukigeuka kijani, ni yenyewe, na hiyo usiichomelee, moshi wake una tindikali. Wapo wanaopima kwa maji, kwa kuwa PP huelea na ABS huzama. Ila bampa nyingi zimechanganywa unga wa talki. Ukiona T20 maana yake ni asilimia 20. Hizo huelea kwa shida au huzama kabisa.

PP huungwa kwa moto. Nakwangua ngozi iliyokufa mpaka nifike kwenye plastiki yenye rangi yake halisi, kwa sababu ile ya juu, hata ikiyeyuka, haishiki. Natoboa kitundu kidogo pale ufa unapoishia, usiendelee kutembea. Nabana mbele kwa utepe, nachimba mfereji nyuma, kisha kwa pasi ya kuchomelea nazamisha wavu wa chujio la chai, lile la chuma kisichoshika kutu. Juu ya wavu nayeyusha ujiti wa plastiki ya aina ileile. Huhitaji kuununua: kopo la maziwa ya mtindi au ndoo iliyopasuka yenye pembetatu na namba 5 ndani yake ni PP. Yenye namba 2 iache, hata kama kwa macho zinafanana. PP huyeyuka karibu na nyuzi 160 za Selsiasi. Ukiona moshi, umepitiliza, umeunguza ulichotaka kuunga. Ikimaliza kuyeyuka iache ipoe yenyewe, bila kumwagiwa maji.

ABS haihitaji moto. Katakata kibodi mbovu ya kompyuta, iliyoandikwa ABS kwa ndani, weka vipande kwenye chupa ya kioo, mimina asetoni, funika. Kesho yake una uji mzito. Uji huo ndio ninaouchota kwa kijiti na kuujaza kwenye ufa, tabaka nyembamba baada ya nyembamba, nikiacha kila moja ikauke, kwani asetoni ikiruka, uji hunywea. Jiko la mkaa liwe mbali. Asetoni hushika moto hata kwa mvuke wake.

Wanaoniambia plastiki kuukuu haina maana nawatajia Flipflopi, jahazi lililojengwa Lamu na Ali Skanda na wenzake kwa taka za plastiki zilizoyeyushwa zikawa mbao, likavishwa kandambili 30,000 hivi, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri mpaka Zanzibar. Hata hivyo kuna kipande ninachokirudisha kwa mwenyewe bila kukigusa. Nikikiminya kwa kidole gumba kikalia na kumeguka mbali na ufa, hakuna pa kushonea.

Hapo mtu huenda Gerezani au Ilala kutafuta cha mtumba. Aende, lakini asinunue kwa sura. Mafuta ya kung'arisha hufanya kipande cha miaka 30 kionekane cha jana. Kipinde kidogo ukingoni, sikiliza, kikwaruze kwa ukucha upande wa ndani na wa nje. Kipande kilichotoka kwenye gari la umri uleule kimepigwa na jua lilelile.

Kikikosekana, tunatengeneza kwa faiba: mikeka ya nyuzi za kioo na resini, kama zinavyotengenezwa boti. Mara mojamoja huletwa trela la kulala la kizamani, lile ambalo wasafiri hulivuta nyuma ya Land Rover, na kwa hilo spea huna pa kuiuliza. Kipande cha zamani, hata kikiwa vipande sita, hunatishwa pamoja, hupakwa nta na kuwa cha kutolea kalibu. Kuna watu huniletea cha kulia kizima ili nitoe nakala ya cha kushoto. Haiwezekani, pande hizo hutazamana, hazilingani. Resini huanza kukauka ukiichanganya na dawa yake, na dawa hiyo ikiingia jichoni inaweza kukupofusha, kwa hiyo miwani haivuliwi.

Kufunga nako kuna siri yake. Kipande cha PP cha mita 1, kutoka ubaridi wa alfajiri hadi joto la saa nane mchana, kinaweza kurefuka nusu sentimita hivi. Ukikikaza pande zote mbili kitajipasua chenyewe. Skrubu ya katikati naikaza. Matundu ya mwishoni nayarefusha na kuweka washa pana, kiteleze.

Mwisho rangi, baada ya praima maalumu ya plastiki. Bila hiyo, rangi juu ya PP hutoka kama ilivyoingia. Wengi hawataki rangi, wanataka kupaka dizeli ing'ae. Inang'aa kweli, siku mbili tatu, inakusanya vumbi la Mapinga lote, na siku ukibadili mawazo rangi haishiki tena. Mimi napiga nyeusi isiyong'aa mara mbili, namwambia mwenye gari aliegeshe chini ya mwembe. Embe zikidondokea boneti, hiyo ni kazi ya fundi wa bodi, na banda lake liko ng'ambo ya barabara.