Yule mama anayefagia kanisa anaitwa nani?



Hivi karibuni nilikaa mpaka saa tatu usiku katika duka moja la steshenari hapa Kanyenye, Tabora, nikisubiri herufi. Usharika wetu unaandaa albamu ya picha za jubilei, nami nilipewa kazi ya kusimamia majina. Chini ya kila picha libandikwe jina lililokatwa kwa karatasi ngumu ya rangi.

Kijana wa dukani ana mashine ya kukatia herufi, ileile anayokatia stika za bajaji. Jina linaandikwa kwenye kompyuta, karatasi inabandikwa juu ya mkeka wa plastiki wenye gundi, kisha kisu kidogo kama ncha ya kalamu kinakimbia huku na huku. Kisu kikigusa juujuu, herufi inachanika ukiibandua. Kikizama sana, kinakata na mkeka. Halafu kuna vile vipande vya katikati ya A na O, vinavyotolewa kimoja kimoja kwa sindano. Ni kazi ya subira.

Tulianza na majina ya wachungaji, kwa karatasi ya dhahabu. Wakafuata wazee wa kanisa, walimu wa kwaya na kamati ya ujenzi. Mwishoni ikabaki picha ya mama mmoja ameshika ufagio mlangoni mwa kanisa.

"Huyu niandike nani, mzee?" kijana akauliza.

Nikanyamaza. Miaka yote tumemwita Mama Usafi. Hata orodha ya kamati iliandika hivyo. Nikampigia katibu, hajui. Nikampigia kiongozi wa akina mama, naye anamfahamu kwa jina la mjukuu wake tu. Kijana alikuwa amechoka, anataka kufunga duka. "Tukate tu Mama Usafi, mzee. Wote watamjua."

Nilikaribia kukubali. Lakini nikaona aibu, kwa sababu mji wetu huu una deni la zamani la namna hiyo.

Tabora imekaa juu ya njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Wapagazi maelfu kwa maelfu, wengi wao Wanyamwezi, walipita hapa na pembe za ndovu na majora ya nguo mabegani. Majina ya wenye mali na ya wageni tunayo. Tembe alilokaa Livingstone pale Kwihara leo ni makumbusho. Majina ya waliobeba mizigo karibu yote yamepotea.

Karibu yote, si yote. Mwaka 1872 kijana Mwafrika aliyeitwa Jacob Wainwright alifika hapa pamoja na kundi la watu waliotumwa kumsaidia Livingstone. Mzee huyo alipofariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, Wainwright ndiye aliyesoma ibada walipouzika moyo wake chini ya mti. Kisha akachonga herufi kwenye gome la mti huo. Alichonga jina la Livingstone na tarehe, na chini yake akachonga majina ya baadhi ya wenzake wa safari. Hakuwa na mashine, na kila herufi ilimgharimu jasho. Hata hivyo hakuona kwamba jina la mkubwa linatosha.

Tena Mungu mwenyewe alikwisha kuagiza jambo hili. Katika Kutoka 28 anamwambia Musa achonge majina ya wana wa Israeli juu ya vito viwili vya shohamu, sita huku na sita huku, Haruni ayachukue mabegani. Kisha vito kumi na viwili viwekwe kifuani, kila kimoja na jina lake. Soma orodha ya wana hao. Yuda yumo, ambaye ukoo wake ulitoa wafalme. Dani, Naftali, Gadi na Asheri nao wamo, watoto waliozaliwa na vijakazi. Hakuna aliyeandikwa kwa kazi ya mama yake. Kila mmoja aliingia mbele za Bwana kwa jina lake, juu ya moyo wa kuhani.

Kesho yake asubuhi nilimkuta yule mama akifagia. "Shikamoo, mama. Naomba kukuuliza jina lako."

Akaacha kufagia. "Marahaba, mwanangu. Kuna kitu kimepotea kanisani?"

Swali hilo lilinichoma. Miaka yote hiyo, siku tuliyolitaka jina lake, alidhani tunamtafuta mwizi.

Nilipomweleza, alilitaja jina lake la ubatizo na la baba yake, polepole. "Tangu mume wangu afariki," akasema, "hakuna aliyeniita hivyo." Nikamwomba msamaha.

Jina lile tumelikata kwa karatasi ya dhahabu. Mwenyekiti ameuliza kwa nini dhahabu imeisha. Nitamjibu kwenye kikao.

Mpendwa, Yesu alifundisha kwamba mchungaji mwema huwaita kondoo wake kwa majina, Yohana 10. Leo baada ya ibada, kabla hujapanda bodaboda, mtafute mmoja anayekutumikia usiyemjua jina: mlinzi, mfagiaji, anayepanga viti. Mwulize. Na ukiona anaogopa swali lako, ujue umechelewa. Muombe radhi, kisha umwite kwa jina lake.

Jumapili njema.