Asili ya Jina la Siti

Jamaa wa Mohoro na wa vijiji vya Delta ya Rufiji, leo napenda tuzungumze habari za jina moja la kike. Majina ya binti zetu twayajua: Mwajuma aliyezaliwa siku ya Ijumaa, Chausiku aliyezaliwa usiku, Tabu ambaye mamaye alipata taabu. Siti si jina la kila nyumba. Mtu akilisikia huenda akauliza: hili ni jina, au ni neno la heshima tu?

Kwa asili ni neno la heshima. Latokana na neno la Kiarabu “sayyidati”, yaani bibi yangu, lililofupishwa vinywani mwa watu hata likawa “sitti”. Watu wa Misri walimwita vivyo hivyo mwimbaji wao mkuu, Umm Kulthum. Huko Indonesia na Malaysia neno hili hutangulizwa mbele ya majina ya wanawake, kama Siti Hajar au Siti Khadija, na siku hizi ni jina la kawaida kabisa. Kwetu pwani, ambako majahazi ya zamani yalipakia boriti za mikoko ya Rufiji kwenda Unguja na Arabuni, maneno ya namna hii hayakuwa mageni. Na asicheke mtu kwamba cheo kimegeuka jina, maana sisi wenyewe tumefanya hivyo. “Mwana” ni neno la kumheshimu mwanamke, kama alivyoitwa Mwana Kupona wa Pate. Likaungana na Aisha, tukapata Mwanaisha.

Lakini aliyelikuza jina hili katika Afrika ya Mashariki ni mtu mmoja. Yapata mwaka 1880, katika kijiji cha Fumba, Unguja, alizaliwa mtoto wa kike, babaye Mnyamwezi na mamaye Mzigua, wote wawili watumwa. Mtoto akaitwa Mtumwa. Fikirini kuitwa jina hilo kila asubuhi kisimani! Utumwa ulifutwa kwa sheria Unguja mwaka 1897, na kwetu Tanganyika mwaka 1922. Lakini sheria haifuti jina. Binti yule alitembeza vyungu alivyofinyanga mamaye, akivinadi kwa sauti yake nzuri. Mwaka 1911 akahamia mjini, akafundishwa kuimba, na sifa zake zilipoenea akaitwa Siti. Wapo waliomsimanga kwa nyimbo kwa ajili ya uzazi wake. Hata hivyo jina jipya likashika: neno walilostahiwa mabibi wa nyumba kubwa likamkalia mwuza vyungu. Mimi naona hilo ni jambo kubwa kuliko nyimbo zake zote.

Mwaka 1928 Siti binti Saad alikwenda Bombay, akaimba kwa Kiswahili katika sahani za santuri, na sahani zile zikalieneza jina lake pwani nzima. Alikufa mwaka 1950. Mwaka 1988 waandishi wanawake wa Tanzania walilipa gazeti lao jina la Sauti ya Siti; na mwaka 2020 kitukuu chake, Siti Muharam, alitoa nyimbo za ukoo huo upya.

Wengine huandika Sitti, kwa t mbili, wakifuata matamshi ya Kiarabu. Mwalimu asimkosoe mtoto kwa hilo. Amwulize tu mzazi ameliandikaje.