Mashauri ya Kila Siku Katika Mji wa Njia Panda

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa njia ya Bagamoyo, akiisha kuvuka mto Ruvu na kuyapita mashamba ya mananasi ya Kiwangwa, hufika Msata, mahali ambapo lami ile ya kilomita 64 itokayo Bagamoyo huungana na barabara kuu iendayo Segera, na toka hapo Tanga, Moshi na Arusha. Aghalabu hashuki, hununua kitu dirishani, gari likaondoka. Lakini mji ukuao juu ya njia panda huzaa mashauri mengi kuliko ukubwa wake: nani aweke meza ya matunda na wapi, bodaboda wasimame upande gani, takataka zimwagwe wapi, maji ya mvua yaelekezwe wapi yasiingie madukani, mpaka wa kiwanja hiki na kile upite wapi, ng'ombe wapite njia gani kwenda kunywa. Mashauri haya hayasomwi katika taarifa ya habari, walakini ndiyo yanayoamua kama mtu ataishi kwa raha au kwa manung'uniko, na ni dhima yetu sisi raia wa kawaida kujua yanakatwa na nani, kwa sheria gani, na kwa fedha ya nani.

Msata ni kata mojawapo ya Halmashauri ya Wilaya ya Chalinze, iliyoanzishwa mwaka 2015 kwa kumegwa kutoka Bagamoyo. Chini ya kata kuna vijiji, na chini ya vijiji kuna vitongoji. Katika ngazi hizi wako viongozi wa namna mbili, ambao wengi wetu huwachanganya. Mwenyekiti wa kitongoji, mwenyekiti wa kijiji na diwani wamewekwa kwa kura, na muda wao ukiisha hurudi kwa wapiga kura. Mtendaji wa Kijiji, Mtendaji wa Kata na Mkurugenzi wa Halmashauri ni waajiriwa, nao ndio makatibu wa vikao na watunza kumbukumbu. Mwenye haja akiijua tofauti hii hujiepusha na safari nyingi za bure, maana ombi la kutaka jambo jipya liamuliwe humwendea aliyechaguliwa, na ombi la kutaka jambo lililokwisha kuamuliwa litekelezwe humwendea aliyeajiriwa.

Utaratibu huu umepita katika misukosuko. Pwani hii, ambayo Bagamoyo yake ilikuwa makao makuu ya serikali ya Wajerumani hadi mwaka 1891, ilitawaliwa kwa maliwali, maakida na majumbe, waliokusanya kodi na kuwajibika kwa wakubwa wao, si kwa walipa kodi. Waingereza wakaweka mamlaka za wenyeji kwa sheria ya mwaka 1926. Baada ya uhuru utawala wa machifu ukafutwa mwaka 1963, na halmashauri za kuchaguliwa zikashika mahali pao. Hizo nazo zikavunjwa mwaka 1972 kwa mpango wa Madaraka Mikoani, kazi zao zikatiwa mikononi mwa maofisa wa serikali kuu, na miji ikaharibika kwa taka na mitaro iliyoziba, hata serikali ikalazimika kuzirudisha halmashauri za miji mwaka 1978, na za wilaya kwa sheria za mwaka 1982, zilizoanza kazi mwaka 1984. Mwalimu Nyerere mwenyewe, katika mwaka huo wa 1984, alisema kwamba kuzivunja serikali za mitaa ni miongoni mwa mambo ambayo, lau angalianza upya, asingaliyatenda. Neno hilo la kiongozi mkubwa juu ya mambo yaliyodhaniwa kuwa madogo lastahili kukumbukwa kila mara tunaposikia rai ya kwamba wananchi wa vijijini hawawezi kujiamulia.

Halmashauri ya Kijiji ina wajumbe wasiopungua 15 wala kuzidi 25, wenyeviti wa vitongoji wakiwa ndani yake, na wanawake hawapaswi kupungua robo. Hukutana kila mwezi. Ina kamati zake, ya fedha na mipango, ya huduma za jamii, na ya ulinzi na usalama, na katika hizo ndimo mashauri yanamochambuliwa kabla ya kuletwa kikaoni. Aweza kutunga sheria ndogo mtu yeyote? La. Halmashauri ya Kijiji hupendekeza, mkutano wa kijiji hutoa maoni, na Halmashauri ya Wilaya huidhinisha. Amri ya faini isiyopita katika njia hiyo, hata ikiwa imepigwa mhuri, haina nguvu ya sheria.

Shauri linaloleta watu wengi ofisini ni ardhi, hasa tangu lami ilipofika na bei kupanda. Mauziano yenyewe yana sura ijulikanayo na wote: muuzaji na mnunuzi huja na mashahidi wao, mwenyekiti wa kitongoji huongozana nao hadi shambani, majirani wa pande nne huitwa wasimame katika mipaka yao, mti au mkonge wa kona huonyeshwa, hatua huhesabiwa, kisha karatasi huandikwa, husainiwa na kupigwa mhuri. Ni desturi njema, maana ushahidi wa majirani umeokoa familia nyingi. Taksiri iko katika mambo mawili. La kwanza ni ile asilimia 10 ya bei ambayo katika sehemu nyingi za nchi viongozi huidai kwa kushuhudia mauziano, na ambayo viongozi wa serikali wamekwisha kutamka mara nyingi kuwa haimo katika sheria. Anayetozwa aombe risiti ya serikali, na isipopatikana ajue fedha yake inakwenda kwingine. La pili ni ugawaji wa ardhi ya kijiji chumbani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, yasema bayana kwamba Halmashauri ya Kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Kwa hiyo mgeni aliyepewa ekari nyingi kwa saini mbili tatu amepewa ugomvi, na wanakijiji wamenyang'anywa amana yao.

Ugomvi ukizuka, Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye watu saba ambao watatu kati yao ni wanawake, husuluhisha. Baraza la Kata nalo, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, halihukumu tena mashauri ya ardhi. Husuluhisha tu, na siku 30 zikipita bila mafanikio, mdai yu huru kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Upande wa ng'ombe ni mzito zaidi. Nchi hii ya Wakwere, Wazigua na Wadoe ni ya wakulima tangu zamani, na katika miaka ya karibuni wafugaji wengi wamehamia na mifugo yao, na kila kiangazi kinapokausha mabwawa, ng'ombe hukata njia kupita mashambani. Mwenye mahindi yaliyoliwa usiku huamka na hasara ya msimu mzima, na mfugaji ambaye njia yake ya kwenda mtoni imezibwa na mashamba huiona mifugo yake ikifa kwa kiu; kila mmoja ana haki yake, na hakuna hukumu ya siku moja itakayowapatanisha. Dawa iliyowekwa na sheria ya mwaka 2007 ni mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, unaotenga mashamba, malisho, njia za mifugo na misitu, ukapitishwa na mkutano mkuu. Kwa maoni yangu hapana kazi ya kijiji iliyo kubwa kuliko hii, na mpango uliochorwa bila wafugaji kuwamo kikaoni ni karatasi tu.

Turudi njia panda. Mama auzaye chakula kando ya lami hulipa ushuru wake, hupewa risiti, na kwa insafu kabisa hudhani ya kuwa amepewa mahali. Kumbe eneo la mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu ni hifadhi ya barabara, na barabara yenyewe ni ya TANROADS, wakala wa serikali wa barabara kuu. Siku alama ya X, ya kubomolewa, ikipigwa kibandani, risiti haitamkinga. Barabara za ndani zilihamishwa mwaka 2017 kutoka halmashauri kwenda TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na maji ya vijijini mwaka 2019 kwenda RUWASA, wakala wa maji vijijini, ilhali DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, imefikisha huduma yake hadi Chalinze. Basi diwani anayeulizwa kalavati lililobomoka au bomba lililokauka hana fungu la kulitengeneza. Lililo katika uwezo wake ni kuandika, kufuatilia na kuuliza barazani. Ugawaji huu wa kazi una faida ya utaalamu, lakini umemwachia mwakilishi lawama na kumwondolea nyenzo, na hilo si haki.

Baraza la Madiwani hukutana walau kila miezi mitatu, na kamati yake ya Fedha, Uongozi na Mipango kila mwezi. Mapato ya halmashauri hutoka katika leseni, masoko, ushuru wa kokoto za Lugoba na ushuru wa mazao, ambao mwaka 2017 ulipunguzwa kutoka asilimia 5 kuwa 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na mkulima asafirishaye mzigo usiozidi tani moja kwenda wilaya nyingine akasamehewa. Katika mapato hayo, asilimia 10 hutengwa kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu; mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ikarejeshwa mwaka 2024. Kikundi kisichojua haki hii hakitaiomba.

Juu ya yote hayo, katika kijiji, mwenye kauli ya mwisho ni mkutano mkuu, yaani kila mkazi aliyefikia umri wa miaka 18, tajiri na maskini, mwenyeji na mhamiaji. Mkutano huo ndio uwezao kuiweka Halmashauri ya Kijiji na kuiondoa, na wapaswa kuitishwa kila miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Aghalabu hauitishwi, na ukiitishwa watu hawatoshi; vijana wako vijiweni, wanawake wako sokoni, na waliohudhuria huahirishiwa hadi tarehe nyingine. Nimewasikia watu wenye akili timamu wakisema hawaendi kwa sababu mambo yamekwisha kupangwa, nami nawajibu ya kuwa yalipangwa kwa sababu hawakwenda. Wewe usomaye haya, ukiwa Msata au kijiji chochote cha nchi hii, nenda ofisini wiki hii, umwulize Mtendaji tarehe ya mkutano ujao, uombe taarifa ya mapato na matumizi ya robo mwaka ibandikwe ukutani, na siku ya mkutano ikifika uende na jirani yako.